Tanuru Nyuma ya Mnara

Baba yake alipogawa ardhi, kaka zake walipata mteremko wenye udongo mweusi, dada mkubwa akapata upande wa kisima, na yeye, kitinda mimba, akapewa bonde. Bonde lile lilikuwa na sifa moja tu: vyura waliridhika nalo. Mahindi yaliyopandwa pale yaliota, yakatazama huku na huku, yakakata tamaa. Maharage hayakufika hata hatua ya kutazama.

Alilima kwa bidii misimu kadhaa, maana alikuwa kijana na hakutaka kuonekana mvivu mbele ya kaka zake. Kisha siku moja aliling'oa jembe lililonasa kwenye tope, likatoka na bonge zito lenye kingo zilizonyooka, kama limekatwa kwa kisu. Akaliacha juani akaenda kula. Aliporudi, bonge lilikuwa limekauka, na alipolipiga teke ili kulivunja, kilichoumia ni kidole. Alichechemea mwezi mzima, lakini kazi ya maisha yake alikuwa ameshaipata. Akachonga kalibu ya mbao, akaanza kufyatua matofali.

Kaka zake ndio waliomwita Bwana Tope, kwa kumcheka. Jina likamganda. Miaka ilipopita watu wakaanza kulitamka kwa heshima, hasa wale waliokuwa hawajamaliza kujenga.

Zahanati ilitoka kwenye shimo lake. Bucha pia, na madarasa ya shule, na ukuta mrefu ambao mchinjaji mstaafu aliuzungushia nyumba yake ili watu wajue kuna kitu cha kuzungushia. Kwa hesabu ya haki, Bwana Tope ndiye mwenye ardhi pekee ambaye shamba lake lilihama kidogo kidogo likaenda kuishi kwa watu wengine, likawekewa madirisha na mapazia. Yeye mwenyewe alikaa kwenye nyumba ya miti na udongo iliyoegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Kila mvua kubwa ilipopita alikandika upya ukuta wa nyuma. Ukimuuliza kwa nini fundi wa matofali analala kwenye nyumba isiyo na tofali hata moja, alijibu kwamba matofali yote yana wenyewe. Jibu hilo lilimtosha mpaka alipofika umri wa mvi za masikioni, akampenda fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa mjane mwenye binti aliyekwisha kuolewa mbali. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na kinyozi, chenye cherehani mbili, moja ikiwa inafanya kazi na ya pili ikiwa inatoa vipuri kwa ya kwanza. Alivaa tepu ya kupimia shingoni tangu asubuhi hadi jioni, na alikuwa na mazoea ya kumtazama mtu anayezungumza naye kuanzia mabegani kwenda chini, jambo lililowafanya wengi wajinyooshe bila kuambiwa.

Bwana Tope hakujua namna ya kumwambia mwanamke kama huyo neno lolote lisilohusu nguo. Kwa hiyo alimpelekea vifungo.

"Kimekatika tena?" Fundi aliuliza, akiipokea suruali.

"Kimekatika, Fundi."

"Hii suruali ina ugomvi gani na vifungo?"

"Ni ya zamani."

"Ya zamani ni suruali. Uzi ni wangu, na nimeushona juzi." Akauinua kwenye mwanga wa mlangoni. "Huu umekatwa na wembe."

"Labda panya."

"Panya mwenye wembe! Huyo siku moja atakunyoa umelala. Kaa hapo."

Akakaa. Kinyozi aliyekuwa ng'ambo alizima mashine yake ili asikie vizuri, na mteja wake, ambaye alikuwa na upara upande mmoja, hakulalamika. Bwana Tope akalisema lililomkaa moyoni, akilielekeza kwenye boksi la vifungo. Fundi alishona hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akamrudishia suruali.

"Mimi nimeshaishi kwenye nyumba nzuri na mtu mbaya," alisema. "Sasa siwezi kuishi na mtu mzuri kwenye nyumba inayoyeyuka. Jenga kwanza, Bwana Tope. Halafu uje kuuliza, tena uje na nguo nzima."

Aliondoka pale akitembea kama mtu aliyekubaliwa. Kesho yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alianza kufyatua matofali ambayo hayakuwa na mwenyewe mwingine.

Hayo ndiyo matofali yaliyokuwa yakikauka kwenye majani siku kampuni ilipokuja.

Kampuni ilikuja na magari marefu, kofia ngumu za njano na ramani ya rangi nyingi. Mainjinia walizunguka kwenye miteremko ya kaka zake, wakatingisha vichwa, wakazunguka kwa dada, wakatingisha tena, kisha wakashuka bondeni, wakasimama mahali mahindi yalipokata tamaa, wakatabasamu. Mnara wa kuchimbia ukasimikwa kwenye pembe ya shamba la Bwana Tope, mbele kidogo ya tanuru lake. Ilisemekana kwamba chini ya bonde kuna gesi, na pembeni ya gesi huenda kuna mafuta, na kwamba chochote kilichopo hakijali mipaka ya mashamba. Sentensi hii ya mwisho ndiyo iliyowageuza watu wote wa pale kuwa ndugu.

Ukaundwa umoja wa wenye ardhi. Mchinjaji mstaafu akawa mwenyekiti kwa sababu alikuwa na ukuta. Akanunua tai, akajifunza kuifunga, akaanza kuitwa Mheshimiwa na watu ambao mwaka uliopita walikuwa wakimwambia aongeze nyama aache mifupa. Eneo zima likakaa mkao wa kula. Mwalimu mmoja alisahihisha daftari za wanafunzi wake akatoa alama za juu kwa kila mtoto, kwa kuwa hakuona sababu ya kumnyima mtu furaha wakati kama huo. Kinyozi aliwauliza wateja wanataka mtindo wa kabla au wa baada. Watu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mbuzi walipatana, wakakubaliana kwamba mbuzi ni mambo madogo, na yule mbuzi mwenyewe akaachwa azurure.

Kampuni ilimweka afisa wa kuzungumza na wananchi. Alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikono, na kila tangazo lake, refu au fupi, liliishia na neno moja. Uchimbaji unaendelea vizuri, subirini. Sampuli zimepelekwa maabara, subirini. Watu wakamwita Bwana Subirini, na yeye, kwa vile alikuwa na moyo mwema, aliitikia.

Aliyenufaika mapema kuliko wote ni fundi cherehani. Kila mwenye ardhi alitaka nguo ya siku ile. Mheshimiwa aliagiza suti yenye mifuko ya ndani, ya nje na ya akiba. Dada yake Bwana Tope aliagiza gauni la rangi ya machungwa.

"Acha nafasi kiunoni," dada aliagiza.

"Nafasi ya nini, wifi?" Fundi alimwita wifi kwa utani, maana habari ya vifungo ilikuwa imekwisha kuenea. "Kipimo chako hiki hapa."

"Hicho ni kipimo cha leo. Hela ikiingia hatutabaki hivi. Umewahi kumwona tajiri mwembamba?"

"Nimewahi."

"Basi huyo alikuwa mgonjwa. Acha nafasi."

Na kila aliyefuata alisema vilevile. Suruali zikakatwa kwa matumbo ambayo hayajaja, makoti kwa mabega ambayo hayajatanuka, na hata kinyozi, mtu aliyenyooka kama kitana chake, alidai aongezewe pindo nyuma. Nguo zikajaa kwenye kamba za duka, pana, zimelegea, zikingoja habari pamoja na wenyewe.

Katika ndege wote hao waliopanua mbawa, mmoja tu alinyong'onyea. Bwana Tope alikwenda dukani akiwa na nguo nzima, kama alivyoagizwa.

"Matofali yamekauka, Fundi. Bado kuyachoma, halafu naanza msingi."

Fundi aliweka mkasi chini.

"Tatizo lako sasa si nyumba," alisema. "Tatizo ni huo mnara. Nikikubali leo, mji mzima utasema nimeolewa na bomba. Nitakwenda sokoni kununua nyanya, watasema mke wa gesi anachagua nyanya."

"Waache waseme."

"Wewe utawaacha, uko bondeni na vyura. Mimi nashinda mkabala na kinyozi."

Kinyozi, ng'ambo, aligeuka akajifanya anatafuta poda.

"Sasa nifanye nini?"

"Ngoja kama wenzako. Wakikosa, njoo nitakusikiliza."

"Na wakipata?"

"Wakipata utakuja na gari na dereva. Nami nitafunga mlango, nitakuchungulia dirishani, nilie kidogo, niendelee na kazi."

Hivyo ndivyo Bwana Tope alivyokuwa mwenye ardhi pekee aliyeomba kampuni ikose. Kwenye mikutano ya umoja alifumba macho pamoja na wengine, wakaomba kwa sauti moja, yeye akiomba kinyume. Amina yake ilizidi za wote kwa ukubwa. Mheshimiwa aliwahi kumtolea mfano.

Kisha Bwana Subirini akaja na tangazo lililokuwa na kitu ndani. Wangejaribu kisima. Kando ya mnara kulikuwa na bomba refu lililosimama peke yake, na kama gesi ipo, ingechomwa juu ya bomba lile, nao wangeuona moto.

"Moto wa ukubwa gani?" Mheshimiwa aliuliza.

"Mkubwa wa kuonekana kutoka sokoni. Ila si lazima iwe wiki hii. Sub..."

Hakumaliza. Watu walikuwa wamekwisha kusimama kucheza.

Umoja ulikutana mara moja na kutoa amri, ambayo kwa mantiki yake haikuwa mbaya: ili pasitokee furaha ya makosa, hakuna mtu kuchoma kitu chochote nje mpaka jibu litoke. Majani yasichomwe. Takataka zisichomwe. Jiko lipikiwe ndani. Mtu mmoja alipendekeza sigara pia, akazomewa na wavutaji.

Bwana Tope akanyoosha mkono. Tanuru lake lilikuwa limeshapangwa. Matofali yote ya nyumba yake yalikuwa mle, yamebebana safu juu ya safu, nje yamekandikwa udongo, chini ameacha midomo ya kuingizia kuni. Kilichobaki ni kiberiti. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya nyuma ya kilima. Tofali bichi likinyeshewa halivunjiki, linarudi lilikotoka. Mvua moja ya maana ingeigeuza nyumba ya Fundi kuwa bonde tena.

"Naomba ruhusa ya moto mmoja, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alishika tai yake. "Bwana Tope, wewe ndiye mwenye mnara. Wiki ijayo utakuwa unajenga kwa vioo. Matofali ya nini?"

"Ya kukaa."

"Ombi limepokelewa. Litajadiliwa."

"Lini?"

Mheshimiwa alitafuta neno linalofaa, akalikuta limekwisha kutangulia. "Subiri," alisema, na watu wakacheka hadi kushika mbavu.

Bwana Tope alisubiri hadi alipoamka asubuhi moja akaona kilima hakipo. Mawingu yalikuwa yamekimeza, yameshuka hadi kwenye vilele vya miti, na hewa ilikuwa na ile harufu ambayo humfanya mfyatua matofali atoke nje bila viatu. Akatazama tanuru. Akatazama mnara. Akaenda jikoni kuchukua kiberiti.

Alilifunika tanuru juu kwa mabati chakavu, akaacha mianya ya pumzi, akawasha midomo yote, akalisha kuni kavu zisizo na moshi mwingi. Moshi uliotoka ulichanganyika na wingu na hakuna aliyeuona. Upepo uliusukuma upande wa mto, ambako hapakuwa na wenye ardhi, ila nyumba chache, mojawapo ikiwa ya Fundi, ambaye alikuwa ameanika mashuka. Mchana kutwa Bwana Tope alikwenda na kurudi, amevimba macho, amejaa majivu hadi kwenye nyusi. Moto ulipanda safu kwa safu, kama inavyotakiwa. Kuelekea jioni ulifika juu, ukapenya kwenye mianya ya mabati, na wingu lote lililokuwa juu ya bonde likageuka rangi ya chungwa.

Kutoka sokoni, mtu anayetazama bondeni huona kwanza miti, kisha mnara na bomba lake refu, na tanuru halioni kabisa, maana liko nyuma na chini. Jioni ile, waliotazama waliona mng'aro mkubwa ukiinuka hasa mahali bomba liliposimama.

Kinyozi ndiye aliyeuona kwanza. Hakupiga kelele. Alimwacha mteja na sabuni kidevuni, akatembea hadi katikati ya barabara, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Tumepata." Kisha akaanguka chini akabingirika kama punda.

Baada ya hapo haikuwezekana tena kujua nani alifanya nini. Vigelegele vilianzia sokoni kwenye meza za mafuta ya taa vikafika kwenye za samaki. Mwenye duka la vyombo alianza kugawa sufuria. Watu walikimbilia kwa Fundi kuchukua nguo zao, wakakuta mlango wazi na Fundi hayupo, wakajihudumia. Mheshimiwa alitokea akiwa ndani ya suti yake, akiishikilia suruali kwa mkono mmoja kwa sababu tumbo lililotarajiwa lilikuwa halijafika. Dada wa Bwana Tope alicheza ndani ya gauni la machungwa ambalo mara nyingi lilibaki nyuma yake. Wote wakashuka kuelekea mnarani, wakiimba wimbo uliokuwa na neno moja, nalo ni gesi.

Mlinzi wa geti alifunga geti. Wakamwimbia mlinzi. Bwana Subirini akatoka kwenye kontena lake akiwa na ndala na mswaki, akanyoosha mikono.

"Ndugu wananchi, hapana! Sisi hatujawasha kitu! Naomba tu..."

Walimnyanyua juu juu. Aliendelea kueleza akiwa mabegani, akiyumba, mswaki mkononi, na kila alipofungua mdomo watu walimmalizia kwa pamoja, "Subirini!", wakaangua kicheko. Mheshimiwa akapanda juu ya pipa, akawashukuru wazee waliolinda ardhi hii, kisha akamshukuru Bwana Tope, ambaye uvumilivu wake kwenye mikutano ya umoja ulikuwa wa kuigwa. Alipomtaja, ndipo watu walipokumbuka kwamba tajiri mwenyewe hayupo. Ikaamuliwa akaletwe kwa heshima zote.

Wakati huo Bwana Tope alikuwa nyuma ya tanuru, ameketi juu ya gogo, akisikiliza jina lake likiimbwa na asielewe amekosa nini. Alipomwona Fundi akija kwa njia ya mtoni, peke yake, tepu shingoni, alisimama akajifuta majivu, jambo lililoyasambaza.

"Hongera, bosi," Fundi alisema.

"Ya nini?"

"Husikii? Gesi imetoka. Mji mzima umeuona moto. Mheshimiwa anahutubia juu ya pipa."

Bwana Tope akageuka kutazama mng'aro juu ya kichwa chake, kisha bomba, lililosimama baridi kama jana. Akaelewa. Akamtazama Fundi, aliyekuwa akitabasamu, tabasamu ambalo hakuwahi kupewa, hata siku ya panya. Inapaswa kuelezwa kwa haki kwamba alinyamaza. Hakunyamaza sana, lakini alinyamaza. Mtu aliyeitwa Tope maisha yake yote ameitwa bosi na mwanamke huyo, jioni kama hiyo, akiwa anatabasamu. Haikosi kuchukua pumzi moja au mbili.

"Sasa utajenga ghorofa?" Fundi aliuliza.

"Fundi," alisema, na sauti yake ikakwama kwenye majivu. "Hii siyo gesi. Ni matofali. Nimechoma matofali yako, mvua inakuja. Hakuna kitu hapa. Mimi ni yuleyule."

Fundi alikaa kwenye gogo akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya tepu.

"Najua."

"Unajua?"

"Mashuka yangu yote yananuka tanuru tangu asubuhi. Nimeyaanua nimeyafua tena, yakanuka tena. Hiyo gesi gani inayonuka mgongo wako?"

"Sasa mbona umeniita bosi?"

"Nilitaka kuona utakaa nalo muda gani."

"Nimekaa nalo sana?"

"Kidogo. Nilikupa muda kama wa kushona kifungo. Hukumaliza hata tundu la pili."

Ng'ambo ya mnara kelele zilikuwa zikisogea. Mtu alikuwa akipiga sufuria mpya.

"Wanakuja kukubeba," Fundi alisema, akasimama. "Kwa hiyo sikiliza haraka. Kule wote wanaamini wewe ni tajiri. Hapa sisi wawili tunajua huna kitu ila matofali, na bado ya moto. Sitapata tena saa nzuri kama hii. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Bwana Tope!"

Akamuuliza. Hakuna aliyesikia maneno yenyewe, na Fundi hakuwahi kuyarudia, ila alisema yalikuwa na kikohozi katikati. Alimjibu ndiyo, na tone la kwanza la mvua likaangukia kwenye bati la moto likasema chwaa.

Umati ulizunguka mnara ukiwa na Bwana Subirini mabegani, ukasimama. Mbele yao palikuwa na tanuru, linawaka kwa raha zake, na watu wawili wenye masizi. Wimbo ukakatika. Hata aliyekuwa na sufuria aliishusha.

Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kurudiwa na cheo chake. "Nani," alisema, mkono ukiwa bado kwenye suruali, "ameruhusu moto huu?"

"Mheshimiwa," dada wa Bwana Tope alijibu, "umeshacheza. Umeshahutubia. Umepanda pipa. Sasa hivi ndiyo unakumbuka kibali?"

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na kicheko, akajaribu kukizuia kwa heshima, kikamtoka puani. Kikaenea. Bwana Subirini alicheka zaidi ya wote, kwa vile ilikuwa mara yake ya kwanza kwa wiki nyingi kupata ahueni, na walipomtua chini aliwashukuru mmoja mmoja. Kinyozi alitaka kujua kama kuna habari yoyote basi, hata ndogo, maana ameacha mteja na sabuni.

"Ipo," Fundi alisema. "Naolewa."

"Na nani?" kinyozi aliuliza, na hilo ndilo swali la kijinga kuliko yote aliyowahi kuuliza mtu aliyesikiliza kila neno tangu mwanzo.

Basi furaha ambayo ilikuwa imekwisha kutolewa haikurudishwa ndani. Ilihamishwa tu. Vigelegele vilianza upya, wimbo ule ule ukabadilishiwa neno, na mvua ikashuka kwa nguvu zote juu ya suti, gauni, kofia ngumu na mabati. Tanuru lilikuwa limeshapata joto la kutosha; lilitoa mvuke, likanguruma, likaendelea. Watu walicheza hadi nguo zilizoachiwa nafasi zikajaa maji, na kwa jioni ile moja kila mtu alikuwa mnene kama alivyoagiza.

Jibu lenyewe lilikuja baadaye, wakati nyumba imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Bwana Subirini alilisoma polepole: viashiria vilikuwa vya kutia moyo, kiasi kilichopo hakitoshi kwa biashara, kampuni inawashukuru wananchi kwa ushirikiano. Watu walingoja neno la mwisho. Hakulisema. Ilibidi Mheshimiwa aulize, "Sasa tusubiri?" na kijana wa watu akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana ana huzuni. Mnara ukashushwa, kisima kikazibwa, na kampuni ikaacha jukwaa pana la zege, limenyooka kama meza. Bwana Tope alilizunguka siku nzima akiligusa kwa nyayo. Hakuwahi kuwa na mahali pazuri hivyo pa kuanikia matofali.

Kuna watu ambao hadi leo wanasema Fundi alimfuata Bwana Tope kwa ajili ya gesi, akakuta tanuru. Husemwa hasa kwa kinyozi. Fundi huyasikia, na akimaliza mshono huwauliza wasemaji kama wangependa nguo zao zipunguzwe au zibaki hivyo hivyo.

Wengi hawakupunguza. Siku ya harusi, mbele ya nyumba ya matofali mekundu, wageni walikuja na suti zinazopepea na magauni yanayochelewa, Bwana Subirini akiwa miongoni mwao na shati lake la pasi, na walipokaa kwenye viti nguo zilichukua muda kukaa nao. Bwana Tope alivaa suruali yenye vifungo vyote. Mke wake alivaa gauni alilolikata mwenyewe, kwa kipimo cha siku ile, bila kuacha nafasi.